Lionee huruma bando langu, mpiga picha

Jumamosi nilikuwa kwenye daladala, foleni ya Ubungo imelala kama kawaida yake, nikaona nitumie muda huo kumtafutia mdogo wangu mpiga picha wa sendofu. Rafiki akanitumia linki ya tovuti ya kijana mmoja. Nikabofya. Nembo ikazunguka. Ikazunguka tena. Halafu, bila hodi, simu ikaanza kupiga kinanda kwa sauti ya juu. Gari zima likageuka. "Anti, tukushushe kanisani?" konda akauliza. Natafuta pa kuzimia, hakuna.

Na picha yenyewe? Ilikuwa inashuka kwa mafungu kama pazia lililokwama: kwanza dari la ukumbi, kisha taa, kisha nywele za bibi harusi. Sura yake nimeiona tukiwa Manzese.

Nilipofika kwenye Wi-Fi nikachungulia. Picha ile ina pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 6000 kwa 4000, MB 14. Yaani kachomoa kadi kwenye kamera akamwaga vyote mtandaoni. Zidisha kwa picha 40 alizoweka: MB 560! Kwa bando la nani? Mteja wako anaperuzi kwa simu, na kioo cha simu hakina hata uwezo wa kuonyesha pikseli zote hizo. Punguza upande mrefu ufike pikseli 2000, hifadhi kama faili ya JPEG ya ubora wa asilimia 80 hivi, au WebP, aina nyingine ya faili ya picha, utakuta picha ina kama KB 400 na jicho halioni tofauti. Zote 40 sasa ni MB 16. Na zile za chini zisubiri mpaka mtu azifikie; ni kuandika loading="lazy" kwenye msimbo wa kila picha ya chini, basi. Ukiwa hapohapo chagua sRGB, mpangilio wa rangi unaosomwa vizuri na simu nyingi, maana nimeona vitenge vya kuwaka moto vimepauka kama vimeanikwa juani mwaka mzima.

"Lakini ubora!" Faili kubwa mpe aliyelipa. Mimi bado nachungulia dirishani.

Haya, nakubali shingo upande, wateja wengi wako Instagram. Ila kule kazi yako inabanwa kati ya tangazo la viatu na mtu anayekata mauno. Tovuti ni sebule yako mwenyewe, na sebule haitaki makochi kumi. Ukuta mweupe, picha 20 ulizozichuja kwa roho mbaya, jina, bei ya kuanzia, namba ya WhatsApp inayobofyeka. Mambo ya "bei njoo inbox" yabaki hukohuko. Na hiyo nembo uliyoipiga katikati ya uso wa bibi harusi, unamficha asionekane na nani?

Kinachoniuma ni kwamba kijana kazi anaijua. Kuna picha moja, mama anamfuta binti yake jasho kwa pindo la kanga, anagusa taratibu asiharibu poda, ulimi kaubana mdomoni kama anatunga uzi kwenye sindano. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Ilikuwa picha ya 31, chini ya picha sita za gari lililopambwa.

Nikamtumia mdogo wangu linki, nikamwambia ashuke mpaka ya 31. Akanijibu kwamba aliishia kwenye nembo inayozunguka. Sasa kampata mwingine kupitia kwa shangazi, hata tovuti hana.