Foliki asidi: kidonge cha kliniki au unga wa mashine?

Mfereji wa neva, ule ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Ukishindwa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani baada ya hapo. Ukishindwa kufunga upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto haishi. Mjadala wote kuhusu namna ya kuzuia ulemavu huu unasimama juu ya siku hizo, kwa sababu zinapokwisha wanawake wengi hapa Moshi, Arusha na kwingineko hawajajua kwamba ni wajawazito. Ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza kwa nini hedhi imechelewa.

Kwamba foliki asidi, aina ya vitamini B, huzuia sehemu kubwa ya ulemavu huo si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 33 vya nchi saba, likihusisha wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo. Waliopewa miligramu 4 kwa siku tangu kabla ya kushika mimba walipungukiwa na hatari ya tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Utafiti mwingine uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba hata mikrogramu 400 tu kwa siku, yaani miligramu 0.4, huwakinga wanawake ambao hawajawahi kupata mtoto wa namna hiyo. Kinachobishaniwa ni njia ya kuifikisha kwa mwanamke kwa wakati: apewe kidonge, au iwekwe katika unga ambao kila mtu anakula?

Wanaotetea kidonge wana hoja zenye uzito. Kidonge kina kipimo kinachojulikana, na anayekimeza ni yule anayekihitaji, si mume wake wala baba mkwe wake mzee. Muuguzi anaweza kumtambua mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa ya kifafa ya valproeti, ambayo huongeza hatari hiyo, akampeleka kwa daktari ili apangiwe dozi kubwa zaidi. Unga hauwezi kubagua hivyo. Hata suala la malaria linafaa kukumbukwa, kwa kuwa dozi kubwa ya foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya vidonge vya SP vya kukinga malaria vinavyotolewa kliniki, ilhali dozi ndogo ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo. Mambo kama haya yanahitaji mtu mwenye taaluma mbele ya mgonjwa.

Hata hivyo, mfumo wetu wa kutoa kidonge umejengwa juu ya kliniki ya wajawazito, na hapo ndipo unapokwama. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16, takriban robo tu ya wajawazito Tanzania walikuwa wamehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza kabla miezi mitatu ya mwanzo haijaisha. Tena hata anayewahi, akafika wiki ya nane na kupewa vidonge vya damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi, atakinga damu yake na afya ya mimba, lakini kwa upande wa mgongo wa mtoto amechelewa. Kumwambia aanze kumeza kabla ya kushika mimba ni ushauri sahihi kwa anayepanga mimba. Mimba nyingi hazipangwi, na msichana ambaye hajaolewa atapata tabu kueleza nyumbani kwao kwa nini anameza vidonge vya wajawazito.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa kidonge hawalisemi mara nyingi, nami naliona zito. Kinga ikiwa ni kidonge, kosa linakuwa la mama. Mwanamke ambaye tayari ukoo unamtazama kama aliyeleta mkosi anaongezewa swali la pili, safari hii kutoka kwa watu wenye elimu: kwani hukumeza vidonge?

Upande wa unga, mfano ulio karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini, kwa sababu wenzetu hao nao hula ugali wa mahindi. Tangu Oktoba 2003 sheria yao ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano kuongezwa virutubishi, ikiwemo foliki asidi, na watafiti walipolinganisha uzazi wa kabla na baada ya sheria waliona ulemavu wa mfereji wa neva umepungua kutoka watoto 1.41 hadi 0.98 katika kila uzazi 1,000, yaani kwa asilimia 30.5. Hakuna mwanamke aliyetakiwa kukumbuka kitu wala kueleza chochote kwa mtu.

Wanaopinga huuliza maswali mawili. La kwanza ni la haki: kwa nini kila mtu alishwe kirutubishi kwa ajili ya wachache? Swali hili si la kubezwa, ila tumekwisha kulijibu kwa vitendo katika chumvi yenye madini joto, ambayo sote tunaila bila kuulizwa. La pili ni la kitabibu. Mtu mwenye upungufu wa vitamini B12, hasa mzee asiyepata nyama wala maziwa ya kutosha, akitumia foliki asidi nyingi damu yake inaweza kurudi katika hali nzuri huku neva zake zikiendelea kuharibika bila dalili kuonekana mapema. Hofu hiyo ni miongoni mwa zilizoifanya Uingereza, iliyoongoza lile jaribio la 1991, isitangaze ulazima wa kuweka foliki asidi katika unga hadi mwaka 2021. Miaka 30 ni mingi mno kwa tahadhari ambayo jibu lake lipo. Hofu ya B12 inahusu hasa dozi zinazozidi miligramu moja kwa siku, kiasi kilicho mbali na kinachowekwa katika unga, na mchanganyiko wa virutubishi unaotumika Tanzania una B12 ndani yake.

Kwa hiyo kikwazo chenye nguvu zaidi mimi nakiona mahali pengine kabisa, nacho ni mashine ya kusaga. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika vyakula ziligusa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula, na viwanda vikubwa vya ngano vinaweza kukaguliwa kwa urahisi. Lakini tazama jinsi unga wa nyumbani unavyopatikana. Mama anafika mashineni mtaa wa Pasua, Moshi, au Unga Limited, Arusha, na debe la mahindi aliyotumiwa kutoka shambani. Msagaji anayapima, anayamimina juu, mama anakinga kiroba chini, na baada ya dakika chache unga unatoka ukiwa bado wa moto. Analipa, anajitwika, anaondoka. Baada yake anakuja mwingine mwenye nusu debe, naye anataka dona, si sembe. Hakuna pakiti hapo, hakuna nembo, hakuna mkaguzi, na msagaji anayetakiwa kununua virutubishi kwa fedha zake atapandisha bei huku jirani yake asiyeweka chochote akichukua wateja.

Mbinu zipo. Shirika la Sanku, linalofanya kazi hapa nchini, hufunga katika mashine ndogo kifaa kinachopima uzito wa nafaka na kudondosha kiasi kinacholingana cha virutubishi, na gharama ya virutubishi hufidiwa kwa msagaji kununua mifuko ya unga kutoka kwao. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, lakini unamfaa msagaji anayeuza unga wake kwa mifuko. Mama wa kiroba hauzi wala hanunui mfuko, na ndiye ambaye fedha za serikali zingepaswa kumfuata.

Mahindi yenyewe yanaongeza uzito wa hoja hii. Watafiti wamepima fumonisini, sumu ya ukungu, katika mahindi ya Rombo, na sumu hiyo huzuia seli kupokea foliki asidi. Ilishukiwa katika mlipuko wa watoto wenye ulemavu huu mpakani mwa Texas na Mexico mwaka 1990 na 1991. Kwa hiyo kukausha mahindi vizuri na kuchambua punje zilizooza ni sehemu ya kinga ileile. Wakazi wa mlimani wanaotegemea zaidi ndizi watafikiwa kidogo na unga wa mahindi. Kwao chapati na maandazi ya unga wa ngano vina nafasi kubwa zaidi.

Lazima pia tusiahidi kupita kiasi. Kampeni zinazosema foliki asidi itamaliza vichwa vikubwa, yaani maji kichwani kwa watoto, zinachanganya mambo. Kazi ya daktari Benjamin Warf huko Mbale, Uganda, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu maji kichwani waliyapata kutokana na maambukizi, na hao wataokolewa na usafi wa kitovu na tiba ya haraka ya homa, si na unga.

Moshi ina nyenzo ya kupima haya. Tangu mwaka 2000 Hospitali ya KCMC, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, ina daftari la uzazi ambamo wakunga waliofunzwa humhoji mama, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Norway ilianzisha daftari lake mwaka 1967, baada ya dawa ya thalidomaidi kulemaza maelfu ya watoto duniani. Udhaifu wa daftari la KCMC ni kwamba hospitali ya rufaa hupokea mimba zenye matatizo kwa wingi kuliko kawaida, kwa hiyo huwezi kuchukua hesabu zake ukasema ndiyo Kilimanjaro yote. Hilo halizuii kulinganisha mwaka na mwaka ndani ya hospitali hiyohiyo.

Ningependa mahojiano ya aina hiyo yafanyike pia katika hospitali za wilaya za Kilimanjaro na Arusha, na kila mama aulizwe unga alioula miezi mitatu kabla ya mimba ulitoka wapi: dukani kwenye pakiti, au mashineni kwa mahindi yake mwenyewe. Halafu serikali ilipie virutubishi katika mashine ndogo za wilaya chache, bila kumtoza msagaji wala mteja, kwa miaka ya kutosha kuona tofauti. Kama watoto wenye mgongo wazi hawatapungua kwa waliokula unga huo, nitakubali kwamba fedha hizo ziende kwenye vidonge vya kila wiki kwa wasichana walio shuleni na walio mitaani.