Ndege Yangu Bado Iko Mtwara

Jamani, nani alinidanganya kuwa urubani wa kwenye kompyuta ni mchezo? Mchezo ni bao. Bao kete hazibadili kazi ukigeuza kichwa.

Nina joistiki ya mtumba, ule mpini wa kuongozea ndege ya kwenye kompyuta, imekuja na basi kutoka Dar imeviringishwa kwenye khanga. Ina vitufe 12. Nikajisemea, 12 tu, jioni moja nimemaliza kuvipangia kazi. Huu mwezi wa pili.

Nilianza na Cessna 172. Kitufe cha 5 nikakipa kazi ya kukunja magurudumu. Nikaruka, nikapanda juu ya mikorosho, nikabonyeza. Kimya. Nikatua, nikafungua profaili, ile orodha ya kitufe gani kinafanya nini, nikapanga upya, nikaruka tena. Kimya vilevile. Nikafungua joistiki kwa bisibisi, nikaipuliza vumbi, springi moja ikarukia chini ya kabati na sijaiona hadi leo. Saa nane za usiku ndipo mtoto wa dada yangu, kidato cha pili huyo, akaniambia kwa upole kabisa: "Mjomba, Cessna 172 magurudumu yake hayakunjwi." Yamefungwa hapo tangu kiwandani! Na mchezo umeniachia nipange kitufe, wala haukuguna.

Halafu hesabu. Kompyuta inahesabu vitufe kuanzia 1, mchezo unaanzia 0. Kwa hiyo cha 3 huku ni cha 2 kule. Mimi nataka breki, zinashuka flapsi, yale mapande ya nyuma ya mabawa, na ndege inaelekea kichakani huku imetandaza mabawa kama kuku anayeota jua.

Nikakata vipande vya plasta ya kidonda, nikaandika kwa kalamu: BREKI, FLAPSI, TAA, nikabandika. Kwa joto la Mtwara na jasho la mkono, asubuhi BREKI iko kwenye kidole gumba changu. Nimekwenda nayo hadi sokoni.

Na kila ndege inataka profaili yake. Kwenye Cessna vitufe viwili nilivipa trimu, ile inayoshikilia pua ya ndege ili usivute mpini muda wote, na ukivikosa mkono unakufa ganzi kwa kuvuta. Nikahamia Airbus, kumbe hiyo ikiwa hewani inajitrimu yenyewe. Vitufe viwili vimekaa bure kama mimi msimu wa korosho ukiisha.

Juzi nikakamilisha yote. Yote! Nikawa napeleka mshale kwenye "hifadhi", umeme ukakatika. Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, karibu kabisa, na mimi niko gizani nimeshika joistiki kama mwiko wa ugali. Uliporudi nikaanza upya, nikahifadhi, nikambusu mtoto. Jana mtu akachomoa waya achaji simu, akaurudisha kwenye tundu la pili la USB. Kompyuta ikaiona joistiki kama mgeni aliyeshuka leo stendi. Profaili? Haimjui mtu.

Katikati ya hayo mama Zuhura alipanda basi la alfajiri kwenda Dar harusini. Zaidi ya kilomita 550. Akacheza ngoma, akala pilau, akakaa siku nne, akarudi na miguu imevimba. Akanikuta kwenye kiti kilekile, kwenye njia ileile ya kurukia.

Akaweka mzigo chini. "Baba Zuhura, abiria wako hawajashuka tu kwenda kujisaidia?"