Barua ya Siku 21 na Simu ya Ndugu: Kutafuta Rekodi za Kaunti ya Lamu

Mtu wa Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, anayehitaji kuona karatasi ya serikali ya kaunti, tuseme mkataba wa ujenzi wa zahanati au orodha ya waliopewa basari, hupanda boti alfajiri, hufika Mokowe, makao makuu ya kaunti, jua limeshapanda, na si ajabu akaambiwa kwamba mwenye faili ametoka na haijulikani atarudi lini. Ndiyo maana wengi hawapandi boti. Humpigia simu ndugu au jirani aliyeajiriwa ofisini, na baada ya siku mbili tatu picha ya ukurasa wanaoutaka huingia kwenye WhatsApp. Tangu 2016, hata hivyo, iko njia ya pili, ya barua, iliyowekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya mwaka huo, kwa kutekeleza Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya, inayompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wanaoijua ni wachache, na miongoni mwao wako wanaoiona kuwa ni shughuli ya mawakili. Nionavyo mimi wanaidharau kabla ya kuipima, ingawa sababu zao si za kupuuzwa.

Simu ina sifa zake. Ni ya haraka, haina gharama, na ndugu aliye ndani anajua jalada liko kabati gani, jambo ambalo mwombaji wa nje hawezi kulijua. Isitoshe, katika mji kama Amu, yaani mji wa kale wa Lamu, ambako swali la kwanza mezani huwa ni "Wewe ni wa nani?", barua inayonukuu Katiba husomeka kama tangazo la ugomvi. Karani anayeipokea huenda ni binamu wa mkandarasi anayeulizwa habari zake, na mwandishi wa barua atakutana na wote wawili msikitini siku ya Ijumaa. Anayeishi Nairobi anaweza kuuita huo uoga. Anayeishi hapa anajua kwamba ujirani ni mali, na mali haitumiwi ovyo.

Lakini picha iliyotumwa kwa siri haina muhuri. Huwezi kuisimamia katika kikao cha umma wala kuipeleka mbele ya tume au mahakama bila kuulizwa umeipata wapi, na jibu la swali hilo linaweza kumfukuzisha ndugu yako kazi. Hujui pia kama ukurasa uliotumiwa ndio wa mwisho au ni rasimu iliyobadilishwa baadaye. Zaidi ya hayo, kujuana hugawa habari kwa mizani ya ukoo: mtu wa Basuba asiye na wa kwao ofisini hana wa kumpigia, na hapo haki ya raia wote inageuka kuwa fadhila ya baadhi yao.

Barua, kwa upande wake, huanzisha hesabu ya siku. Inaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa hana ruhusa ya kuikataa kwa sababu ya lugha. Inaelekezwa kwa mkuu wa taasisi, ambaye kisheria ndiye afisa wa upatikanaji wa habari ijapokuwa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, iwapo rekodi ni nyingi au mashauriano yanahitajika. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Na kifungu ambacho mimi nakithamini kuliko vyote ni kile kinachosema kwamba haki hiyo haitegemei sababu uliyo nayo. Swali la "Unaitaka ya nini?" afisa anaweza kuliuliza, lakini hawezi kulifanya kuwa sharti.

Ofisi ikinyamaza hadi muda uishe, sheria inachukulia kwamba imekataa, na kuanzia hapo mwombaji ana siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, ile ijulikanayo zaidi kama ofisi ya Ombudsman. Ndiyo maana nakala ya pili, iliyogongwa muhuri wa masjala na kuandikwa tarehe ya kupokewa, ina thamani kuliko barua yenyewe. Asiye na nakala hiyo hana pa kuanzia kuhesabu.

Upande wa maafisa husikika mara chache, nao una la kusema. Ombi la "nipeni kila kitu kuhusu barabara za kaunti" halijibiki kwa siku 21 wala kwa 35, kwa kuwa linamtaka mtu mmoja aache kazi zake na kufungua majalada ya miaka. Liko pia suala la faragha, ambalo limepata nguvu tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Orodha ya basari niliyoitaja mwanzoni ina majina ya watoto na huenda ikaonyesha hali za familia zao. Kuibandika ukutani ni kumsaidia mlipa kodi na kumwaibisha yatima kwa wakati mmoja. Hapa nakubaliana na afisa anayesita, ila sikubaliani naye anapofunga jalada zima. Kiasi kilichotolewa kwa kila shule, idadi ya wanafunzi katika kila wadi na vigezo vilivyotumika vinaweza kutolewa majina yakiwa yamefunikwa.

Suala la usalama ni zito zaidi, na Lamu haiwezi kuzungumziwa bila hilo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni za msitu wa Boni zilizofuata, neno "usalama" limekuwa jibu tayari. Sheria inaruhusu kuzuia habari zinazoweza kudhuru usalama wa taifa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka ratiba za doria zitolewe kwa mtu yeyote anayeandika barua. Hata hivyo, bei ya saruji iliyojenga darasa haiwi siri kwa sababu darasa liko karibu na msitu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba hata habari zilizo katika orodha ya kuzuiwa zinaweza kutolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara, na kipimo hicho ni cha habari inayoombwa, hakipimi eneo ilikotoka.

Kisingizio kingine ni siri ya mkataba. Kwa hili mwambao una mfano wake. Tarehe 13 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, iliamuru serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa ambayo waombaji walikuwa wamenyimwa. Ikiwa mkataba wa mabilioni uliofungwa na nchi ya kigeni uliamriwa kutolewa, ni vigumu kuona kwa nini wa kuchimba kisima Matondoni ufungiwe kabatini.

Gharama ya kutojua mapema Lamu imeionja. Tarehe 31 Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 za kaunti hii zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, na wakazi wengi walisikia ukubwa wa ugawaji huo siku ile ile uliposemwa kuwa ni batili. Miaka minne baadaye, Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi ya wavuvi kuhusu bandari mpya ya Lamu, kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, na kuamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76, kukosa habari na kutoshirikishwa yalikuwa sehemu ya madai yao. Fidia ni afadhali kuliko kukosa vyote, lakini samaki waliokimbia tope la kuchimbwa kwa njia ya meli hawarudishwi na hukumu.

Mifano hii miwili, hata hivyo, inafunua kosa linalofanywa na waombaji wenyewe. Bandari si ya kaunti, wala daftari la hati za ardhi. Anayetaka kujua nani amesajiliwa kumiliki kiwanja karibu na vilima vya mchanga vya Shela, vilima vinavyohifadhi maji ya mji wa Amu, aende kwa msajili wa ardhi akafanye upekuzi wa hati kwa ada yake, na ripoti ya athari za mazingira aiulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ni kweli kwamba ofisi inayopokea ombi lisilo lake inaweza kulihamisha ndani ya siku 5, lakini kuitegemea hisani hiyo ni kuongeza tundu moja zaidi la barua kupotelea.

Kosa la pili ni kuomba kilichokwisha kutolewa. Ofisi hailazimiki kutoa habari inayopatikana kwa njia nyingine, na nyingi zinapatikana. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti huonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani, na ripoti za Mkaguzi Mkuu hutaja miradi iliyolipiwa ikiwa haijakamilika. Busara ni kuzisoma kwanza, kisha barua iulize lile pengo linalobaki: si "fedha za afya zimekwenda wapi", bali hati ya malipo ya mradi fulani, wa wadi fulani, katika mwaka fulani wa fedha. Barua ya namna hiyo huwa na mistari sita, humkera karani kidogo kuliko hotuba, na humnyima nafasi ya kusema hakuelewa.

Bado boti ya Kizingitini haijashuka nauli. Sheria inasema asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa, ombi lake liandikwe na apewe nakala, lakini kwanza amfikie huyo afisa. Kaunti ina wadi 10, na muundo wa serikali za kaunti unatambua msimamizi wa wadi. Katibu wa kaunti akiwakabidhi wasimamizi hao kazi ya kupokea maombi, kuyagonga muhuri na kuyapeleka Mokowe kila wiki, hesabu ya siku 21 ingeanza Faza au Kiunga badala ya kusubiri mwombaji avuke. Nimewahi kusikia pingamizi kwamba barua zingezidi uwezo wa ofisi. Huenda zikazidi, kwa mwaka wa kwanza, mpaka mtu ofisini aamue kwamba kubandika mikataba ya wadi kwenye ubao wa wadi kuna kazi ndogo kuliko kuijibu barua kwa barua.