Mkataba wa Arusha: ugumu wa kuubadili ni kinga yetu

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lawama moja husikika sana Bukavu: mkataba wa Arusha wa 1999 ulioiunda Jumuiya umeganda, wanachama ni 8, na mmoja akikataa hakuna kinachosogea. Ina msingi. Wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote, na sarafu moja iliyopangiwa mwaka 2024 haijaonekana. Anayevuka Ruzizi bado anapita kwa kambisti, mbadilisha fedha. Lakini itifaki ya sarafu ilitiwa saini 2013. Kinachokosekana ni utekelezaji. Mkataba haukuhitaji kuguswa.

Kifungu cha 150, kinachosema jinsi mkataba unavyobadilishwa, ndicho kinacholaumiwa bure. Pendekezo huandikwa kwa Katibu Mkuu, naye ana siku 30 kulifikisha kwa nchi zote. Nchi zina siku 90 za kutoa maoni. Kisha Baraza la Mawaziri, kisha marais, na mwisho kila nchi iridhie. Ndani ya siku hizo 90 ndipo mabunge, mawakili na vyama vya raia wanapoweza kusoma maneno na kupinga.

Tazameni kilichotokea hatua hizo ziliporukwa. Tarehe 27 Novemba 2006 Mahakama ya Jumuiya ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Arusha. Siku 17 baadaye, tarehe 14 Desemba, marais walikuwa wameshapitisha mabadiliko ya mkataba: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, sababu za kuwaondoa majaji zikaongezwa, na raia akawekewa miezi miwili tu ya kushtaki. Mwaka 2008 mahakama yenyewe ilisema kutowashirikisha wananchi kulivunja mkataba, ila haikuyafuta mabadiliko.

Miezi hiyo miwili ndiyo inayoniuma. Inahesabiwa tangu tendo au uamuzi unaolalamikiwa, na pale tu hayo yasipokuwapo, tangu mlalamikaji alipojua. Mwaka 2012 ngazi ya rufaa ilitupa kesi ya mateso ya Mlima Elgon, Kenya, kwa kuchelewa, ikakataa hoja kwamba uvunjaji uliendelea. Sasa mchukueni mtu wa Goma mapema 2025: benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, familia imetawanyika. Atapata lini vyeti, mashahidi na avoka anayeujua utaratibu wa Arusha? Na akijaribu kwanza mahakama za nyumbani, muda hausimami kumngoja; mkataba wala haumlazimishi kupitia huko.

Wanaotaka mkataba ubadilishwe kwa wingi wa kura wajiulize Kongo, mwanachama mchanga mwenye vita mpakani, ingepata kura za nani.

Kifungu hichohicho cha 150 kinaruhusu nchi yoyote mwanachama kupeleka pendekezo. Kinshasa inaweza kuandika sasa, iombe muda uongezwe na usihesabiwe wakati wa vita. Hadi hapo, avoka wa Kivu aandike tarehe ya tendo siku ya kwanza anapompokea mteja, na aandae shauri la Arusha bila kungoja hukumu ya hapa.