Sura za watoto si za kuposti
Kuna wanaosema vijana wanaoendesha kampeni mtandaoni za kutetea waliokimbia makwao wasiogope kuposti sura za watoto waliokimbia vita eti ndo zinagusa watu, mi napinga kabisa. Nimefundisha hawa watoto kwa kujitolea, na mtoto aliyepotezana na wazazi njiani, picha yake ikishasambaa na jina na sehemu alipo, wa kwanza kumfikia anaweza akawa mtu mbaya anayejifanya mjomba, na lile kundi lenye silaha alilolikimbia nalo liko mtandaoni kama sisi tu. Halafu mtoto anakua, ile picha yake akiwa analia haifutiki mtandaoni. Vijana wapaze sauti, tena sana!! UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wamesema mwisho wa 2024 watu zaidi ya milioni 123 walikuwa wamelazimika kuhama makwao na kama asilimia 40 ni watoto, na wengi wa hao watu hawajavuka mpaka wowote, wako ndani ya nchi zao kama Sudan tangu vita ya Aprili 2023, hao ndo hawatajwi. Semeni shule, semeni vyeti vya kuzaliwa maana vingi vinabaki nyumbani watu wakikimbia na bila cheti kuandikishwa darasani ni kazi, na mtoto akitaka kusema aseme kwa jina la kubuni bila sura, haki ya kusikilizwa anayo, ipo kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 12. Nyie mnaoendesha hizi kampeni, mtoto akiwa hana mzazi huwa mnamuomba nani ruhusa?