Kiwandani bila digrii: unaanzia upande gani?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ushauri huja wa aina mbili. Kuna wanaosema bila digrii utaishia kibarua. Wengine, ambao siku hizi wana mashabiki zaidi, wanasema vyeti ni makaratasi tu, nenda kiwandani ukajifunze kazi. Wote wanabishania lango, na lango si tatizo. Vijana wanaosubiri asubuhi nje ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, wapate kuchukuliwa kama deiwaka, yaani vibarua wa kutwa, hawaulizwi digrii. Kinachoamua maisha yao ni upande watakaopelekwa wakishaingia.

Ukiwekwa kufungasha, unaweza kupanga katoni miaka mitano na ujuzi ukabaki ule wa wiki ya kwanza. (Wasichana, kwa mazoea tu, huko ndiko husukumwa.) Anayepelekwa karakana, hata kama kazi yake ni kumulika tochi na kushika spana, anaona beringi ikibadilishwa na anazoea mlio wa mota inayotaka kuungua. Akijua kuchomelea, kukereza vyuma na kufuatilia nyaya za mashine, uzalishaji ukisimama usiku anapigiwa simu yeye. Kwa kuanzia, naona cheti cha VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi) cha umeme au ufundi mitambo kina nguvu kuliko shahada isiyohusiana na mashine. Na aliyejifunzia mtaani ana njia yake: VETA humpima, humfundisha anapopungukiwa, kisha humpa cheti.

Ila cheti hicho kinathibitisha ufundi wa mikono, hakikuongezei hesabu za uhandisi. Hapo watetezi wa digrii wana hoja ambayo wapinzani wao hawapendi kuisikia. Kukokotoa mzigo utakaobebwa na nguzo au kusanifu mtambo mpya si kazi ya kuibia kwa macho. Kisheria, kuitwa mhandisi kunataka usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na huo haupatikani kwa uzoefu wa spana peke yake. Fundi hodari hufika usimamizi wa shifti, halafu analetewa bosi kijana ambaye fundi huyo ndiye alimfundisha kuwasha mashine.

Waajiri nao hawasaidii sana. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi Tanzania Bara hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Akishalipa, ni rahisi kuona mafunzo ni kazi ya serikali, hasa akihofia kwamba atakayemnoa atachukuliwa na kiwanda jirani.

Kwa hiyo kuanza bila digrii nakuunga mkono. Kubaki bila karatasi yoyote, hapana. Cheti cha ngazi ya 3 cha ufundi stadi, pamoja na cha kidato cha nne, kinaweza kukufungulia masomo ya ufundi sanifu, ngazi iliyo kati ya fundi na mhandisi. Na ukiitwa deiwaka kesho, uliza mapema nani hufungua mashine ikiharibika, na kama ana msaidizi.