Kashe ya diski: mimi nachagua inayoandika papo hapo

Kompyuta yangu yenye prosesa ya 486 imepita miaka thelathini na bado inawaka. Ina memori ya megabaiti 8, diski kuu ya megabaiti 120 na mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS 6.22. Ndani yake mna barua na tungo za marehemu baba, alizozipiga mwenyewe kwa WordPerfect, programu ya kuandikia, na kila wiki naongeza nyingine ninazozinakili kutoka kwenye madaftari yake. Ndiyo maana mtu akiniuliza aweke programu gani ya kashe kwenye mashine ya umri huu, sianzi na kasi. Namuuliza: ukihifadhi faili, linaandikwa sasa hivi au baadaye?

Diski za enzi zile huchukua milisekunde 15 hadi 20 kufikia data, ilhali memori hujibu kwa nanosekunde 70 hivi. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara laki mbili. Kashe hutenga sehemu ya memori na kuweka humo nakala ya vilivyosomwa karibuni, kama muuza duka anayeacha sukari na unga juu ya meza badala ya kukimbilia stoo kila mteja anapobisha hodi. Hapo hakuna hatari yoyote. Umeme ukikatika, kilichopotea ni nakala tu; gunia lenyewe liko stoo.

Kuandika ndiko kwenye mtihani. Zipo kashe zinazopokea faili lako na kukurudishia alama ya kusubiri amri, C:\>, upesi, ukadhani kazi imekwisha, kumbe data bado iko kwenye memori inasubiri zamu ya kwenda diskini. Huyo ni muuza duka anayekukopesha mchele na kusema daftari ataliandika jioni. Akipatwa na jambo mchana, deni hilo nani atalijua?

Yalinikuta. Nilikuwa nimeweka kashe moja ya zamani, nikaipanga ichelewe kuandika kwa sababu nilipenda jinsi mashine ilivyokuwa nyepesi. Jioni moja nilimaliza kunakili shairi refu, nikahifadhi, na kabla sijanyanyuka kitini umeme ukakatika. Uliporudi, jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake sifuri. Shairi nililipiga upya kwa sababu daftari ninalo. Lakini faili alizopiga baba mwenyewe hazina daftari. Usiku ule nililala vibaya nikiwaza kama lingekuwa mojawapo ya hizo.

Wengine walishalipitia hili zamani. MS-DOS 6.0 ilipotoka Machi 1993, SMARTDRV, programu ya kashe iliyokuja nayo, ilichelewesha kuandika bila mtumiaji kuombwa chochote. Watu walizoea kuzima kompyuta mara tu wanapoona C:\>, na data ikapotea. Lawama nyingi ziliangukia DoubleSpace, programu ya kubana diski iliyotoka pamoja nayo. Toleo la 6.2, Novemba mwaka uleule, lilibadilisha utaratibu: C:\> hairudi mpaka kila kitu kiwe kimeandikwa. Kwa hiyo mwenye 6.0 mpaka leo, hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.

Ushauri wangu kwa mwenye prosesa ya 386 au 486 ni kubaki na SMARTDRV ya 6.2 au 6.22, na kuiongezea /X, inayozima ucheleweshaji wa kuandika kwenye diski zote. Kama unatumia FreeDOS, mfumo huru unaofanana na MS-DOS, kashe yake iitwayo LBACACHE inanipendeza zaidi: inahitaji 386 na memori ya XMS (ile iliyo juu ya megabaiti ya kwanza), na kila unachoandika hukipeleka diskini moja kwa moja. Mwenye 286, prosesa iliyotangulia 386, apime kwanza. SMARTDRV inakula karibu kilobaiti 30, na kama hakuna pa kuipandisha kwenye memori ya juu, zinatoka kwenye kilobaiti 640 za mwanzo, ambazo programu za DOS na michezo zinazigombea. Kwa mashine ndogo zaidi ya hapo, ongeza BUFFERS (nafasi ndogo za memori ambazo DOS yenyewe hutumia kusoma diski) kwenye faili la mipangilio, CONFIG.SYS, uridhike. Na usiwashe kashe mbili kwa pamoja.

Ukubwa nao watu wanauhangaikia kuliko unavyostahili. Kwenye megabaiti zangu 8 nimetoa 2. Nilijaribu 4, na kwa kazi ya kuandika sikuona tofauti. Nilichokiona ni memori kupungua kwa programu nyingine. Usikisie: andika SMARTDRV /S, itakuonyesha mara ngapi data ilipatikana kwenye kashe na mara ngapi ilibidi kwenda diskini. Tumia mashine kwa kazi yako ya kawaida, kisha usome namba hizo kabla ya kuizima. Aliyebadilisha diski akaweka kadi ya memori ya CompactFlash ataona faida ndogo zaidi, maana kadi haina kichwa cha kusogea huku na huku.

Wapo wanaosema nunua UPS, kifaa chenye betri ya kuendesha kompyuta umeme ukikatika, kisha chelewesha kuandika upendavyo. Ninayo UPS, na bado nakataa. UPS haizuii programu kuganda. SMARTDRV huandika vilivyobaki ukibonyeza Ctrl+Alt+Del, lakini ukibonyeza kitufe cha reset haipati nafasi hiyo, na mashine ikiganda kabisa reset ndiyo inayobaki. Nafuu ya sekunde chache kila ninapohifadhi haitoshi kunifanya niweke rehani maandishi ambayo aliyeyaandika hayupo tena kuyaandika.

Kwenye AUTOEXEC.BAT yangu, faili la amri zinazotekelezwa mashine inapowaka, mstari unasomeka hivi: C:\DOS\SMARTDRV.EXE /X 2048. Ninapohifadhi sasa nasikia diski ikikwaruza kidogo, nangoja inyamaze, naendelea na ukurasa unaofuata. Daftari la tatu la baba nimelifikisha nusu.